Kwa nini mtu mzima anarudi palepale kila mwaka? (Mwenye duka soma hii)

Leo tuongelee kitu ambacho ukikiangalia haraka hakifanani na duka, ila kina hela ndani yake.

Hivi umeshajiuliza, mtu mzima mwenye mkopo, ada za watoto na shamba linalodai mbolea, anapata wapi moyo wa kulipa kiingilio akacheze sehemu ileile aliyoenda mwaka jana na mwaka juzi? Sio sehemu mpya. Ileile.

Nina mteja wangu hapa Malindi, ananunua kabichi na karoti kwa wakulima anapeleka Dar. Kila Iddi anawachukua watoto wake wanaenda Kunduchi, pale Wet 'n' Wild, penye mabwawa na yale mabomba makubwa ya kutelezea kwenye maji. Siku moja nikamuuliza, "Kaka, huchoki? Si ungewapeleka kwingine?" Akacheka. "Dada, watoto ni kisingizio. Anayetaka kwenda ni mimi."

Nikambana anieleze. Akasema mwaka mzima yeye kazi yake ni kuamua. Bei ya shambani iwe ngapi, apakie lori lipi, gari likikwama Mombo afanyeje, nani amkopeshe na nani amkatalie. Akifika Kunduchi hana cha kuamua. Geti analijua, kivuli cha kuweka mabegi anakijua, bomba la kuanzia na la kumalizia anayajua. "Kule hakuna anayeniuliza bei ya kabichi," akasema.

Jibu hilo halikunitoka kichwani. Usiku nikishafunga hesabu nikawa nasoma kwenye simu, nione na wenzetu wa mbali wakoje.

Kule Copenhagen, Denmark, kuna bustani ya michezo inaitwa Tivoli, ilifunguliwa 1843. Ndani yake kuna treni ya kupanda na kushuka vilima, reli zake zimejengwa juu ya mbao, ya mwaka 1914, na mpaka leo mfanyakazi anapanda humohumo kushika breki. Mtu angesema si waing'oe waweke ya kisasa? Lakini bibi aliyeipanda akiwa mtoto anaweza kuipanda leo na mjukuu wake, na kona inayofuata anaijua kabla haijafika. Treni mpya hata iende kasi namna gani, hicho haina. Na wana kadi ya mwaka mzima, unalipa mara moja unarudi utakavyo. Wanajua watu wanarudi.

Halafu Walt Disney, yule wa katuni. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo la Disneyland lilimjia akiwa kwenye benchi, bustanini huko Los Angeles, watoto wake wa kike wanazunguka kwenye farasi wa mbao, yeye anatafuna karanga. Baba mzima, kazi yake kusubiri! Akaona inatakiwa sehemu ambayo na mzazi anafurahi. Akaifungua Anaheim, California, Julai 17, 1955. Humo kuna safari ya mashua katikati ya maharamia, ilianza 1967. Mwaka 2006 wakamwongeza humo Jack Sparrow wa kwenye sinema. Mashua zinapita njia yao ya siku zote.

Hapo nikaweka simu chini nikaangalia duka langu.

Wakati huo duka jipya lilikuwa limefunguliwa upande wa stendi. Taa za rangi, spika, kabati za vioo. Mauzo yangu yalishuka mpaka nikaanza kuchelewesha marejesho ya kikoba. Nilikuwa nimedunduliza laki tatu na nusu, na kila mtu ananiambia nibadilishe duka lote, nihamishe na kaunta. Hela hiyo ikipotea sina nyingine.

Nikakaa siku tatu nawatazama tu wateja wa kudumu. Kuna mama anaingia, mkono unaenda wenyewe kwenye mche wa sabuni, macho yako kwa mtoto. Kuna mzee lazima aegemee kona ya kaunta, palepale, ndio aanze kuagiza chumvi na kiberiti. Kaunta ningeihamisha, huyo mzee ningekuwa nimemfukuza.

Sikuhamisha kitu. Ila msinielewe vibaya, kuzoeleka sio uchafu. Kunduchi maji yakichafuka, yule kaka harudi hata kama anapajua vipi. Nikapaka rangi, ileile ya zamani, nikaziba bati lililokuwa linavuja, nikanunua mzani mpya. Na mlangoni naweka ndoo moja yenye kitu tofauti. Msimu wa plamu naweka plamu, ukiisha naweka kingine. Kimoja tu.

Duka la stendi lipo na linauza, vijana wengi wako kule na sijawarudisha. Lakini wenye familia, wale wa mchele kilo tano kwa mpigo, wapo kwangu. Marejesho sichelewi tena.

Hela iliyobaki nikatengeneza benchi. Nilimkumbuka Disney na karanga zake, maana kwangu wanaume walikuwa wanasubiri wake zao nje wamesimama, wakichoka wanawaita waondoke kabla hawajamaliza kununua. Fundi alinichaji elfu ishirini na tano. Nimeliweka upande usiopigwa na upepo, kwa sababu huku mwezi wa saba ukungu unashuka mpaka mlangoni, na pembeni kuna birika la chai ya tangawizi, mia mbili kikombe. Siku hizi mke anamaliza kununua, anafunga mzigo wake, halafu yeye ndiye anasimama kumsubiri mume amalizie chai.