Barua za Maryam



Wapo wazazi miongoni mwetu wanaouliza, kwa sauti ya chini, iwapo mtoto aliyezaliwa wa kiume na kujijua kuwa mwanamke ni jambo lililoletwa na hizi nchi tulizohamia. Tumeona tuwasimulie maisha ya mwanamke mmoja Mwislamu aliyetoka mbali na nchi hizi.

Maryam Khatoon Molkara alizaliwa mwaka 1950 huko Bandar Anzali, Iran, kando ya Bahari ya Kaspi, akahesabiwa mwanamume. (Hapa lugha yetu imetusitiri: "yeye" haibagui mume na mke, hivyo twaweza kumsimulia tangu utoto hadi kifo bila ya kubadili neno.) Tangu udogoni alijiona msichana. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi katika televisheni ya taifa, lakini moyo haukutulia, kwani alikuwa mcha Mungu na alitaka kujua hukumu ya dini juu yake. Mwaka 1975 akaanza kumwandikia barua Ayatullah Khomeini, aliyekuwa uhamishoni Najaf.

Baada ya mapinduzi ya 1979 alipoteza kazi, akalazimishwa kuvaa kiume na kutumia homoni za kiume. Vita vya Iran na Iraq vilipozuka alijitolea kuuguza majeruhi. Katikati ya miaka ya 1980 alivaa suti, akachukua Msahafu, akaning'iniza viatu shingoni, ambayo kwa Mashia ni alama ya kuomba hifadhi, akaenda nyumbani kwa Khomeini. Walinzi walimpiga. Mwenyewe alisimulia kwamba walidhani kifuani ameficha baruti! Alitoka humo na barua ya idhini, amevikwa buibui.

Tangu hapo Iran huruhusu matibabu hayo kwa kibali, na mhusika hubadilishiwa hati zake.

Wengi wetu ni Mashafii au Maibadhi. Idhini ile haitufungi. Wanazuoni wengi wa Kisunni huruhusu upasuaji kwa huntha tu, yaani mwenye maumbile ya pande mbili. Lakini Imam Nawawi, Mshafii aliyefariki mwaka 1277, katika sherehe yake ya Sahih Muslim ameeleza kauli ya wanazuoni kwamba mwanamume aliyeumbwa na mwendo wa kike, bila ya kujitia, hana lawama wala dhambi. Alaumiwaye ni anayejifanya. Hakuzungumzia upasuaji. Hata hivyo alitofautisha, na sisi tunalirusha neno "hanithi" mabarazani bila ya kutofautisha lolote, huku mtoto anasikia.

Maryam alikamilisha upasuaji wake nchini Thailand mwaka 1997, miaka 22 tangu barua ya kwanza. Miaka iliyobaki aliitumia kuwatetea wenye hali kama yake, hadi alipofariki mwaka 2012.