Amplifaya uliyojiunganishia haitoi sauti? Usikimbilie kulaumu vipande vya soko

Vipande vyote viko mahali pake, batri imefungwa, unawasha: kimya. Ama moshi kidogo, harufu kali, kisha kimya. Vijana wengi wanaojifunza elektroniki wanaanza na seti ndogo ya amplifaya yenye chipu ya LM386, kwa kuwa ina vipande vichache na inakubali batri. Ikikataa, mara moja wanasema vipande ni vya bandia, na franga zinarudi sokoni kununua vingine.

Vipande vya bandia vipo, hakuna wa kubisha. Lakini kwenye seti mpya iliyounganishwa nyumbani, ni vizuri kushuku kwanza mambo matatu: umeme usiolingana, kipande kilichogeuzwa, na lehemu mbaya.

Tuanze na umeme, maana kwetu mashariki ndio unaoharibu bila kuonekana. LM386 ya kawaida inataka volti 4 hadi 12, na seti nyingi zimepangiwa batri ndogo ya volti 9. Batri hiyo inaisha haraka, basi mtu anavuta waya kutoka batri kubwa ya paneli ya jua, ile inayoitwa ya volti 12. Hiyo 12 ni jina tu. Saa sita mchana, jua likiwa kali na batri ikipokea chaji, inapanda hadi volti 14 na zaidi. Chipu inapita kipimo chake, na kondansateri iliyoandikwa 10V inavimba kichwa ama kupasuka. Halafu fundi anasema kondansateri ilikuwa mbovu! Dawa yake ni kipande cha miguu mitatu kinachoitwa 7809: kinapokea umeme wa batri na kutoa volti 9.

Kuna hatari kubwa kuliko kupoteza amplifaya. Batri ya gari ama ya sola, waya zake zikigusana, inatoa umeme mwingi sana kwa ghafla; waya mwembamba unakuwa mwekundu kama kaa. Katika nyumba ya mbao, kama zilivyo nyingi mjini Goma, hilo si jambo la mchezo. Weka fizibu ya ampea 1 karibu kabisa na batri. Na mara ya kwanza unapowasha, pitisha waya wa chanya kwenye balbu ya klinyota ya pikipiki, volti 12 wati 10. Balbu ikiwaka sana, kuna njia fupi mahali fulani: ondoa batri, tafuta. Isipowaka, endelea.

Sasa vipande vilivyogeuzwa. Chipu ina alama ya mkato upande mmoja. Ukiuweka mkato juu, mguu wa 1 uko kushoto juu, unahesabu kushuka hadi 4, kisha 5 ni kulia chini, unapanda hadi 8. Angalia pia kama mguu mmoja haukujikunja chini ya chipu ilipoingizwa katika soketi yake. Kwa juu inaonekana sawa kabisa.

Kondansateri nazo zina mtego unaowashinda hata wenye uzoefu. Zile za mviringo za aluminiamu, mstari unaonyesha upande wa hasi. Zile ndogo za tantali, zinazofanana na tone la maji ama punje ya mstatili, mstari unaonyesha chanya. Ni kinyume! Mtu anayetoa tantali kwenye ubao wa kompyuta ya zamani na kuiweka mahali pa aluminiamu akifuata mstari, anaigeuza, nayo inaweza kuwaka moto. Tantali hiyo inatokana na koltani, ile ile inayochimbwa Rubaya, katika Masisi. Na bati ya kulehemu, ambayo mafundi wetu wanaiita etani, inatokana na kasiteriti kama ile ya Bisie, Walikale. Mawe yanatoka kwetu yakiwa ndani ya mifuko, yanarudi yakiwa vipande tunavyonunua kimoja kimoja.

Etani yenyewe ndiyo ya tatu. Lehemu nzuri inang'aa na kupanda kama kilima kidogo kuzunguka mguu wa kipande. Ikiwa kama mpira uliokaa juu, mguu haukupata moto wa kutosha. Sukuma kila kipande polepole kwa kijiti kikavu amplifaya ikiwa imewashwa. Sauti ikikatika na kurudi, umepata mahali. Iyeyushe tena, pasha mguu na shaba ya ubao pamoja.

Kama bado ni kimya, chukua multimetri. Weka waya mweusi kwenye mguu wa 4, mwekundu kwenye mguu wa 6: lazima usome volti 9. Hakuna kitu? Usiguse chipu, fuata waya na swichi. Volti 9 ipo? Hamisha mwekundu hadi mguu wa 5. Hapo chipu yenye afya inaonyesha karibu nusu, volti 4 na nusu hivi. Kipimo hiki kimoja kinaokoa pesa nyingi. Nusu ikiwepo, chipu huenda ni nzima, na kosa liko kwenye kondansateri ya kutokea, kwenye waya ama kwenye spika. Spika ya omu 8 itasomeka omu 6 hadi 8, na inatoa mlio mdogo ukiigusisha jiwe la redio la volti 1.5.

Spika ikiwa nzima, gusa mguu wa 3 kwa ncha ya bisibisi, kidole kikiwa kwenye chuma. Penye nyaya za umeme karibu utasikia mngurumo. Kijijini penye sola tu, utasikia mlio mfupi wa kugusa. Ukiusikia, kosa liko mbele ya chipu: potensiometa, ama waya wa simu.

Mguu wa 5 ukisoma sifuri ama volti 9 kamili, ondoa spika na upime tena. Isipobadilika, na miguu mingine yote imeunganishwa sawa, hapo ndipo chipu inatolewa na nyingine kununuliwa. Nenda nayo ile ya zamani sokoni, na kabla ya kulipa linganisha maandishi na mkato.