Bonyeza Ukucha, Kisha Uhesabu Sekunde

Huenda umewahi kumpeleka mtoto hospitalini ukamwona muuguzi akimbonyeza ukucha, akauachilia, kisha akautazama kwa makini bila kusema neno. Wazazi wengi hudhani anatafuta upungufu wa damu. La, huo hutazamwa zaidi kwenye viganja na ndani ya kope. Anachopima hapo ni kama damu inafika hadi kwenye ncha za mwili.

Mtu anapopoteza maji mengi kwa kuhara na kutapika, au damu baada ya ajali, moyo hukosa cha kutosha kusukuma kila mahali. Ndipo mwili unapoanza kubana matumizi. Mishipa ya mikono na miguu hujikaza ili ubongo na moyo wenyewe visikose, na vidole huwa vya kwanza kunyimwa. Ndiyo maana ukucha waweza kutoa habari mbaya wakati presha ingali ya kawaida, hasa kwa mtoto, ambaye presha yake mara nyingi hushuka akiwa ameshazidiwa.

Wewe pia waweza kupima nyumbani. Inua mkono wa mgonjwa hadi usawa wa moyo. Bonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka upauke, ushikilie kwa sekunde 5, kisha uachilie na uhesabu kwa saa mpaka rangi irejee. Kwa mtoto mwenye afya hurejea katika muda wa sekunde 2. Zikipita 3, na mikono ni ya baridi na mtoto amelegea, usingoje kupambazuke. Mkimbize hospitalini. Wazee ni tofauti kidogo: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1988 ulionyesha kwamba mzee mzima wa afya aweza kufikisha sekunde 4.5.

Usidanganyike, lakini. Baridi ya Julai yatosha kuchelewesha rangi, kwa hiyo mpashe mgonjwa joto kwanza. Rangi ya kucha na hina huficha kila kitu, na taa hafifu haikusaidii. Tena, ukucha ukijibu vyema si cheti cha uzima: mtoto asiyeweza kunywa, anayepumua kwa shida au aliyeshikwa na degedege hupelekwa hata kama rangi imerudi upesi.

Na ukifika huko, usimshurutishe daktari aifungulie dripu ikimbie. Utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, ukachapishwa mwaka 2011, uliwahusu watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri mwilini. Waliotiliwa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi katika saa 48 za kwanza: kama 10 au 11 katika kila 100, dhidi ya 7 kwa wale ambao hawakuharakishiwa. Matokeo hayo yaliwashangaza madaktari wengi. Watoto wa kuhara hawakuwa katika utafiti huo. Wao tiba yao ni kurudishiwa maji, kwa kipimo cha daktari.

Kama ni kuhara na mtoto angali anaweza kunywa, mnyweshe maji ya ORS kidogo kidogo njiani. Mkipokewa, mwambie muuguzi ulihesabu sekunde ngapi, na ilikuwa saa ngapi.