Asiyekubali Kushindwa si Mshindani

Wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii tumezoea kuifundisha darasani kana kwamba yahusu kandanda na mbio za magunia. Mwaka 2024, ulioshuhudia chaguzi nyingi za kitaifa kote duniani, ulidhihirisha kwamba yahusu dola pia.

Aghalabu tunaposimulia uchaguzi, macho yetu humwandama mshindi. Nchini India, watu wapatao milioni 642 walipiga kura kati ya Aprili 19 na Juni 1, na gumzo likawa ni kurejea kwa Narendra Modi, ilhali chama chake cha BJP kilipata viti 240 tu kati ya 543 na kulazimika kuwategemea washirika. Leo napenda tumtazame aliyeshindwa.

Vitenzi kushinda, kushindwa na kushindana vina mzizi mmoja. Kiambishi -w- ndicho kimtengacho anayeapishwa na anayefunganya virago. Nacho kiambishi -an-, cha kutendana, hudai pande mbili. Hakuna ashindanaye peke yake. Upande mmoja ukiisha kuapa kwamba hautashindwa kamwe, hilo si shindano tena, ni tamasha.

Mwaka huo Afrika ilitupa mifano mizuri. Nchini Botswana, chama cha BDP kilichotawala tangu uhuru wa 1966 kilipata viti 4 tu kati ya 61 vya kuchaguliwa. Rais Mokgweetsi Masisi alikiri kushindwa kabla ya hesabu kukamilika. Nchini Ghana, Makamu wa Rais Mahamudu Bawumia alimpongeza John Mahama kabla ya tume kutangaza matokeo. Kinyume chake ni Msumbiji, ambako matokeo ya uchaguzi wa Oktoba 9 yalipingwa vikali, na mamia ya watu wakauawa katika ghasia zilizofuata.

Msomaji ataniuliza: je, aliyeibiwa kura naye anyamaze? La hasha! Methali yasema kushindwa, haisemi kudhulumiwa. Ili mtu akubali kushindwa, sharti awepo mwamuzi anayeaminika. Nchini Senegal, Rais Macky Sall alipoahirisha uchaguzi, Baraza la Katiba lilibatilisha hatua hiyo. Kura zikapigwa Machi 24, na kesho yake mgombea wa serikali, Amadou Ba, akampigia simu Bassirou Diomaye Faye kumpongeza.

Sisi Wakenya twalijua jambo hili kwa machungu. Baada ya uchaguzi wa 2007, upinzani ulikataa kwenda mahakamani kwa kuwa haukuziamini mahakama, na zaidi ya watu 1,100 wakapoteza maisha. Miaka kumi baadaye upinzani ulikwenda, na Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais. Katiba mpya ya 2010 ilikuwa imeleta mwamuzi mpya.

Walimu wenzangu, somo hili lisingoje wanafunzi wetu wapate vitambulisho. Twachagua viranja kila mwaka. Kura na zihesabiwe hadharani, mbele ya darasa zima. Kisha, kabla ya mshindi kushangiliwa, tumpe nafasi ya kwanza ya kusema yule aliyeshindwa. Akizoea kusema "nimeshindwa" akiwa na miaka kumi na minne, ulimi hautakuwa mzito akifikisha hamsini.