Picha ya Mishipa ya Shingo: Kipimo Kipi Huonyesha Nini?

Mgonjwa aliyekufa ganzi mkono kwa dakika chache hutuuliza: "Sista, mkono umeshapona, mbona daktari ameniandikia picha ya shingo?"

Shingoni, kulia na kushoto, hupita mishipa mikubwa ipelekayo damu kwenye ubongo. Mafuta na chokaa huweza kujijenga katika kuta zake na kuibana. Kipande cha utando huo, au bonge la damu, kikibanduka hukimbilia ubongoni na kuleta kiharusi. Ganzi ile ilikuwa onyo.

Vipimo ni vinne:

1. Ultrasaundi. Hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi wala sindano, na ndiyo nafuu kwa bei. Huonyesha utando na kasi ya damu. Palipobana, damu hukimbia zaidi. Lakini hutegemea sana ujuzi wa mpimaji, na chokaa nyingi huficha kilicho nyuma yake.

2. CT skani. Huonyesha mishipa kuanzia kifuani hadi kichwani kwa muda mfupi. Ina mionzi, na dawa inayochomwa ili mishipa ionekane yaweza kudhuru figo dhaifu. Mwenye ugonjwa wa figo au mzio aseme mapema.

3. MRI. Hutumia sumaku. Hutambua vizuri zaidi utando wa hatari, wenye mafuta mengi au damu iliyovujia ndani. Mwenye chuma au kifaa mwilini aseme kabla ya kuingia.

4. Picha kwa mpira mwembamba upitishwao ndani ya mshipa. Huonyesha njia ya damu waziwazi, si ukuta wenyewe. Mara chache huweza kusababisha kiharusi, hivyo siku hizi hutumika kwa wachache.

Basi msiuze ng'ombe kulipia MRI kabla ya kumwuliza daktari kama ultrasaundi yatosha kuanzia. Lakini msikawie. Utafiti wa Amerika ya Kaskazini uliotolewa mwaka 1991 ulionyesha kwamba waliopata onyo, na mshipa ukawa umebana kwa asilimia 70 au zaidi, walinufaika na upasuaji. Faida huwa kubwa zaidi ukifanyika ndani ya wiki mbili.

Picha haitibu. Meza dawa za presha na kisukari kama ulivyoelekezwa, na acha sigara. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakipotea, hata kwa dakika tano tu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.