Kibla ya Kasongo na hesabu za Biruni

Mwislamu wa Unguja akitandika mswala huelekea kaskazini, karibu moja kwa moja. Akifika Kasongo asipobadilisha uelekeo, ameikosa kibla. Kutoka Kasongo, Makka iko takriban digrii 26 upande wa mashariki ya kaskazini. Kutoka Kabambare ni kama 24. Wangwana waliofuatana na mfanyabiashara Tippu Tip kutoka pwani hadi Maniema, karne ya 19, walilazimika kugeuza hata mswala.

Bingwa wa hesabu za kutafuta kibla alikuwa Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973 mjini Kath, Khwarazm, Uzbekistan ya leo. Lugha yake ya kuzaliwa ilikuwa ndugu wa Kiajemi, ingawa vitabu vyake vingi aliviandika kwa Kiarabu.

Ili kuikokotoa kibla, sharti kwanza ujue mahali pa mji wako na pa Makka. Kujua mji uko kaskazini au kusini kiasi gani si kazi: jua na nyota zinatosha. Ugumu ni mashariki na magharibi, maana hapo inatakiwa saa. Msikilizaji wa redio wa Kasongo ataelewa upesi: Kinshasa ikiwa saa moja ya jioni, kwake ni saa mbili. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa, hivyo anayejua tofauti ya saa za jua kati ya miji miwili anajua pia tofauti ya mahali pake. Redio haikuwapo, lakini mwezi ukipatwa, wote wanaouona huuona wakati uleule. Tarehe 24 Mei 997 Biruni aliutazama ukipatwa akiwa Kath, mwenzake Abu al-Wafa akiwa Baghdad, kisha wakalinganisha saa zao.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud aliiteka Khwarazm, akamhamishia Biruni Ghazna, Afghanistan ya leo. Huko, mwaka 1025, alimaliza kitabu kizima cha kupima mahali pa miji, akikokotoa kibla ya Ghazna yenyewe. Na kwenye ngome ya Nandana, Pakistan ya leo, alipanda mlima mmoja tu, akapima upeo wa macho unavyoinama, akapata ukubwa wa dunia. Wapimaji wa Khalifa Ma'mun waliomtangulia walitembea jangwani kwa kazi hiyohiyo!

Hata pwani yetu aliisikia: katika kitabu chake juu ya India anaitaja Sofala ya Zanj, ambako mabaharia walitoka wakipitia bandari ya Somnath, India, kwenda Uchina.

Msomaji wa Kasongo mwenye dira ajaribu leo: aelekee kaskazini, kisha ageuke kulia, pungufu kidogo ya theluthi ya njia ya kufika mashariki.