Buibui halikuficha ustadi

Aprili 2023, wachezaji zaidi ya 400 kutoka nchi 22 walikutana Nairobi kwa mashindano ya sataranji ya Kenya Open. Upande wa wanawake akajitokeza mchezaji aliyevaa buibui, uso umefunikwa, miwani machoni, haongei na mtu. Hakuna aliyewahi kumwona mashindanoni. Akaanza kuwabwaga wachezaji wazito, mmoja wao aliyewahi kuwa bingwa wa taifa. Wasimamizi wakamwita faraghani, naye akakiri: ni kijana wa kiume, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliyekuwa na shida ya fedha.

Watu walizungumza sana kuhusu viatu vyake vya kiume. Kwangu, ushahidi mzito zaidi ulikuwa ubaoni.

Alama za wachezaji wa sataranji hukokotolewa kwa njia ya Arpad Elo, profesa wa fizikia wa Milwaukee, Marekani, ambayo shirikisho la dunia, FIDE, liliikubali mwaka 1970. Wakikutana wachezaji wawili wa klabu pale Westlands, Nairobi, wenye alama sawa, kila mmoja ana matarajio ya nusu pointi. Anayemzidi mwenzake kwa alama 200 hutarajiwa kuvuna pointi 76 katika michezo 100. Kwa alama 400, pointi 91. Kwa hiyo mnyonge wa pengo hilo kushinda mara mbili mfululizo ni jambo la chini ya mara 1 katika 100.

Pengo hilo halizibiki usiku mmoja. Mwaka 1973, William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji ubao kwa sekunde 5, kisha wakawaambia waupange upya. Kete zilizotoka katika mchezo halisi, bingwa alizikumbuka kuliko wote. Zilipotawanywa ovyo, ubora wake ukatoweka. Bingwa huona mafungu ya kete aliyoyazoea, na mazoea hayo hujengwa kwa miaka.

Lakini msichana wa mtaa wa Kangemi, Nairobi, anaweza kuyajenga mazoea hayo kwenye simu tu, bila orodha yoyote ya alama kumjua. Hesabu huzua swali, haihukumu. Wasimamizi walifanya vyema kuuliza kwanza. Msichana huyo anahitaji mashindano yanayotambuliwa karibu na kwao. Akishaingia orodhani, FIDE humpandisha upesi: katika michezo yake 30 ya mwanzo, kumshinda aliye sawa naye humpa alama 20, wakati mchezaji wa kawaida wa klabu aliyevuka hapo hupata 10.